Vidonge vya Mama Yako Katika Kopo la Maziwa

Kalemie, Jumamosi, saa tisa ya mchana

Mumba wangu,

Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na kwa jinsi ninavyowajua hawatakuachia mpaka uwe umekula katika nyumba zote tatu. Kwa hiyo nina muda. Nimefunika cherehani, nimefuta meza, na nimechukua daftari lako la zamani la hesabu ambalo lilibaki na karatasi nyeupe nyuma. Ukiona chaki juu ya maneno usishangae. Vidole vya fundi nguo ndivyo vilivyo, hata akinawa.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, za chandarua, wala za pikipiki za watu usiowajua huko Kiambi unakokwenda kuanza kazi. Mama yako mdogo alianza kukuambia hayo Jumatatu na bado hajamaliza. Pia sitakufundisha uuguzi, maana wewe ndiye mwenye cheti na mimi nina sindano za aina nyingine. Nataka kukuandikia habari ya kopo.

Unalijua. Kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko uliopinda, ambamo mama yako aliweka kadi za vidonge vyake vya tansio, damu ilipoanza kumpanda. Kwa miaka minne sasa umekuwa ukiwasimulia watu hadithi ya kopo hilo. Unasema, "Papa alichanganya dawa," na watu wanacheka, na mimi ninacheka nao. Hata siku ulipopokea cheti ulisimama mbele ya wageni ukasema ndiyo sababu ulichagua kazi hii. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga.

Sikuchanganya, mwanangu. Nilijua.

Kesho lori linakuchukua, na lile daftari ulilokuwa ukiandikia dawa za Nkambo linabaki mikononi mwangu. Nkambo ni mama yangu, na wewe umebeba jina lake. Siwezi kulipokea daftari lenye dawa zake kabla sijakueleza jambo hili lilivyokuwa kweli.

Mama yako alikuwa na namna yake ya kumeza kidonge. Alishika kopo, akagonga mfuniko kwa ukucha mara mbili, tok tok, ndipo akafungua. Nilimwuliza siku moja ni ya nini. Akasema anabisha hodi, asije akawakuta vidonge bado hawajavaa. Kisha alimeza na funda moja la chai baridi iliyobaki asubuhi, akakunja uso kama mtoto. Kila siku hivyo, miaka tisa. Nilikuwa nikishona dirishani bila kuinua kichwa, na mlio ule ulinijulisha saa kuliko saa yenyewe.

Alipotutoka, dada zake waligawana nguo kama desturi ilivyo, na mashemeji zangu wakachukua sufuria. Hakuna aliyetaka kopo. Vidonge vilikuwa vimebaki zaidi ya nusu, vile vya boksi la Kigoma, ambavyo mfanyabiashara wa bandarini alikuwa akituletea kutoka ng'ambo ya ziwa. Unajua sisi wa Kalemie tulivyo na dawa. Nyingine zinatoka hospitali na maandishi ya Kifaransa, nyingine zinavuka na maboti zikiwa na maandishi ya Kiingereza, na wageni wanaokuja kumwona mgonjwa wanaleta vidonge kama watu wa kwingine wanavyoleta ndizi. Hakuna nyumba inayotupa kidonge. Kutupa kidonge kizima ni kama kutupa samaki mzima.

Mimi hasa sikuweza kutupa vile. Na Nkambo naye alikuwa ameanza kuugua tansio, na kituo cha afya kilikuwa kimempa vidonge vyake vya Kifaransa, vyeupe, vya duara. Vya mama yako vilikuwa virefu na vya rangi ya yai. Nikajiambia: hivi vyeupe vinafanya kazi yake, na hivi vya njano vilimsaidia mke wangu miaka tisa, basi vikiwa pamoja vitamsaidia mama yangu zaidi. Nilifikiri kama fundi. Shono moja ni zuri, mashono mawili ni imara.

Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia. Sababu ya kweli ni kwamba kila asubuhi niliposhika kopo niligonga mfuniko mara mbili, tok tok, na nyumba ikawa na sauti yake tena kwa kitambo kidogo. Wewe ulikuwa shuleni saa hizo. Hukuwahi kunisikia.

Baada ya wiki chache miguu ya Nkambo ikaanza kuvimba. Nilikwenda farmasi, nikaeleza miguu tu, nikauziwa kidonge cha kutoa maji. Nkambo akaanza kuamka kwenda haja mara nne kwa usiku, na mchana anasinzia na maharage mkononi. Nikamsikitikia, nikamweleza jirani yetu Mama Riziki kwamba Nkambo halali. Mama Riziki, kwa moyo wake mzuri, akaleta vidonge vya usingizi vya mume wake. Basi asubuhi Nkambo akawa anatembea kama aliyeshuka botini. Nikaongeza vitamini. Unaona zilivyofuatana? Kidonge cha kwanza kilivuta cha pili, cha pili kikavuta cha tatu, kama mabehewa, na mimi nimekaa mbele napiga honi, nikijisifu kwamba hakuna mzee mtaani anayetunzwa kama mama yangu. Kila tatizo jipya nililiita ugonjwa. Hata siku moja sikujiuliza kama ni dawa iliyotangulia inayozungumza.

Jumapili ya kuanguka unaikumbuka, maana ulikuwa katika kwaya. Ulimwona Nkambo akisimama kwenda kutoa sadaka na yule jogoo mwekundu mikononi. Akapiga hatua mbili, akageuka kama anayemtafuta mtu, akaenda chini. Mungu ashukuriwe kwa Mama Riziki na unene wake, kwa sababu Nkambo alimwangukia yeye na si sementi. Jogoo alipanda hadi kwa wapiga ngoma na kwaya yenu ikaimba ubeti ule ule mara tatu. Hiyo sehemu unaisimulia vizuri kuliko mimi.

Sehemu ambayo husimulii ni ya kituoni, kwa sababu ulikuwa umebaki nje na pikipiki. Mama enfirmie, yule muuguzi wa kituo, alipima tansio, akapima tena mkono wa pili, akaniangalia. Damu ilikuwa imeshuka mno. Nkambo alikuwa amelala, midomo imekuwa ya majivu, ananiita kwa jina la kaka yangu aliyekufa zamani. Mama enfirmie akaniuliza kwa upole kabisa: "Papa, leo amemeza nini?"

Nikasema, "Vile vya kwenye karatasi yenu tu."

Ni maneno machache, Mumba. Niliyasema haraka kuliko ninavyotunga uzi. Sikuyasema kwa ubaya. Niliona kwamba nikilitaja kopo, wataniomba kopo. Na palepale nilikuwa tayari kuhatarisha mama aliyenizaa kwa ajili ya kopo la mke niliyemzika. Sijui kuliandika jambo hili kwa namna nzuri zaidi, kwa hiyo naliacha hivyo.

Yule mama alihangaika siku nzima akitafuta ugonjwa ambao haukuwepo. Akapima malaria, akapima sukari, akamwekea maji ya mshipani, akamlaza. Akaanza kusema labda ni moyo, labda apelekwe hospitali kubwa. Nilikaa kwenye benchi nikisikiliza, kopo liko nyumbani chini ya kitanda, na mdomo wangu umeshonwa.

Kesho yake akatupa kazi ile ambayo sasa wewe nawe unawapa watu: leteni kila dawa iliyo nyumbani, zote, hata ya mbuzi. Mimi nilikwenda nyumbani polepole. Wewe ulikwenda mbio. Nilipofika ulikuwa umeshajaza mfuko, na kopo limo.

Mama enfirmie akavimwaga mezani. Nakumbuka sauti yake, kama mtu anayemwaga kokoto. Vilikuwa vya aina kumi na moja, pamoja na dawa ya minyoo yako ya utotoni na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekijua mpaka leo. Akavaa miwani. Akachukua kadi ya vidonge vya Kigoma na kadi ya vile vyeupe vyake, akaziweka sambamba, akasoma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa. Maandishi ambayo macho yangu hayayafikii, maana mimi tangu zamani natunga uzi kwa kupapasa. Akasema, "Ni dawa moja. Majina mawili, dawa ni moja. Huyu mama amekuwa akimeza mara mbili." Kisha akauliza hivi vya njano ni vya nani.

Nawe ulijibu kabla yangu. Ulisema, "Ni vya mama yangu marehemu. Labda Papa alichanganya." Ukanigeukia na macho yale ya mama yako.

Ulinifungulia mlango, mwanangu, nami nikatokea hapo hapo. Nikasema, "Ndiyo, nilichanganya." Mama enfirmie akatikisa kichwa, akasema hutokea. Tangu siku ile nimekuwa nikikaa katika uongo huo kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake, akingoja ainuliwe.

Yaliyofuata ni sifa yako, si yangu. Mama enfirmie hakuvitupa vyote kwa mkupuo. Cha Kigoma kilikoma siku ile ile, kisha akaondoa kimoja kimoja, akingoja aone mwili unasema nini kabla ya kugusa kingine. Cha usingizi alikipunguza taratibu. Miguu ikapungua, Nkambo akalala, na zile aina kumi na moja zikabaki nne. Wewe ukanunua daftari. Ulikuwa darasa la tano la sekondari na tayari ulikuwa unatutawala.

Hata hivyo nakukumbusha ya pindo, kwa sababu uliwahi kukosea nawe, na nakupenda zaidi kwa kosa hilo. Kile kidonge cha kutoa maji ambacho mama enfirmie alikibakiza, ulikuwa ukimpa jioni na kuandika alama safi kabisa kwenye daftari. Siku moja Nkambo akaniletea kitenge chake nishone pindo lililoachia. Nikapitisha kidole nikakuta vigumu vigumu. Nikafumua, vikaanguka kumi na tisa. Ulikasirika sana. Nkambo akakuangalia, akakuita ndoyi wake, yaani mtu wa jina lake, akakuambia, "Weye unalala ndani. Miye choo iko kule, na kuna giza, na mvua. Ukikunywa ile jioni, njo utajua." Akaongeza kwamba kitenge chake sasa hakina maji hata tone.

Ulirudi kituoni, ukauliza, wakahamishia kile kidonge asubuhi. Tangu siku hiyo hajaficha hata kimoja. Alama zako zilikuwa nzuri, ila hukuwa umemwuliza anaendaje chooni. Mimi nilikuwa nikimwuliza mambo yote ya choo, lakini sikusema ukweli. Tungeunganishwa wawili tungekuwa muuguzi mmoja mzuri.

Huko Kiambi watakuja watu kama mimi. Atakuja mtu amebeba mama yake kwa baiskeli, ametembea njia ya msituni tangu alfajiri, na utamwuliza mzee amemeza nini, naye atakuambia ni hivi tu. Mtazame mikono. Atakuwa na kitu nyumbani. Pengine ni cha marehemu, pengine ni cha mganga, pengine ni zawadi ya shemeji ambaye hawezi kumkosea. Usimkaripie, kwa sababu akikaripiwa atafunga mdomo na mama yake atalala pale akitafutiwa ugonjwa. Mwambie kwanza kwamba kwenu kulikuwa na kopo. Ukishalitaja lako, atalitaja lake.

Sasa nikuambie ya leo asubuhi.

Nilijua kwamba siwezi kukuandikia wewe kabla sijamwambia mwenyewe. Nkambo alikuwa uani anachambua ndagala, paka wawili wamekaa mbele yake kama wanafunzi. Nikakaa kwenye ndoo. Nikamwambia yote: kopo, kugonga, swali la mama enfirmie, jibu langu. Alikuwa akichambua tu. Nikafikiri hasikii. Nilipomaliza akamrushia paka mmoja kichwa cha samaki, akasema:

"Alfonsi, weye unazani miye sikujua?"

Akachukua ndagala mwingine.

"Bibi yako, mama ya ndoyi wangu, alipougua, nani alikuwa namupelekea dawa na uji kitandani? Njo miye. Vidonge vile vya njano nitashindwa kuvijua?"

Nikamwuliza, basi kwa nini alivimeza. Akaniangalia kama anavyomwangalia muuzaji anayetaja bei ya uongo.

"Nilikuona unagonga mufuniko," akasema. "Uso wako ulikuwa unapona kidogo. Nikasema, acha nimeze, mutoto wangu atulie."

Mumba, nina miaka hamsini na sita na nilikaa juu ya ndoo uani nikilia mbele ya paka wawili. Nikamwambia angekufa. Akasema angekufia kanisani, sadaka mkononi, wengi wanapaomba mahali kama pale hawapati. Kisha akaona nimezidi, akanipiga gotini na mkono unaonuka samaki, akaniambia niache, na kwamba wewe ukishaondoka nisije nikaanza kumpima kila asubuhi kama nguo.

Kwa hiyo sote wawili tulijua, na kila mmoja alinyamaza kwa ajili ya mwenzake, na kile kidonge kikaendelea kupita katikati. Naona hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kukuongezea juu ya yale waliyokufundisha. Mzee anaweza kuficha kidonge kwa kuchoka nacho, na anaweza kukimeza kwa kukuhurumia. Ukimwuliza kama anaendelea vizuri atasema vizuri, hasa akikupenda. Kaa. Chambua naye ndagala. Jibu lenyewe linakuja baadaye, na mara nyingi linaambiwa paka.

Nimeshona kitu cha kuning'iniza kando ya kitanda chake. Ni kitambaa chenye mifuko mitatu. Wa asubuhi ni wa njano, nimeukata kwenye kipande cha gauni la mama yako nilichokificha siku dada zake walipogawana nguo. Naam, na hilo nalo nakiri. Wa jioni ni wa bluu. Wa tatu mweupe hauna dawa. Humo nitaweka vikaratasi vya yale anayosema mwenyewe, kizunguzungu, kinywa kukauka, ndoto mbaya, ili kila nikienda kituoni niende navyo pamoja na dawa zote, hata ya mbuzi. Nimeanza wiki hii kwa kujizoeza. Jumatano nimeandika: "Anasema chai haina ladha kabisa." Nilihangaika nikifikiri ni dawa imemharibu ulimi, mpaka nilipoionja. Nilikuwa nimesahau sukari. Kikaratasi nimekiacha humo humo, mama enfirmie naye apate kucheka.

Asubuhi hii nilimpa dawa zake mimi, wewe ulipokuwa ukifunga mizigo. Viwili, na maji, akiwa ameshakaa. Nilimsomea daftari lako nikiwa nimevaa miwani niliyoiahirisha miaka kumi. Unajua, maandishi madogo yanasomeka. Akafungua mdomo kunionyesha ulimi kwamba amemeza, kama mtoto, kisha akafungua na pindo la kitenge nikague. Hakukuwa na kitu. Tulicheka mpaka Mama Riziki akaja kuuliza kuna nini.

Usiwe na wasiwasi nasi.

Nasikia sauti yako kule njiani, na sauti ya shangazi yako mkubwa, kumbe anakusindikiza na sahani. Nimalize. Ukifungua mzigo wako huko Kiambi, katikati ya nguo utalikuta kopo. Nimeliosha mara tatu na kulianika juani. Ndani kuna sindano, uzi mweusi na mweupe, na vifungo sita vya gauni la mama yako, kwa sababu najua unavyovivunja vifungo. Vidonge usiweke humo kamwe.

Na ukiisimulia tena ile hadithi, mpe jogoo nafasi yake yote, ila mwishoni useme kwamba Papa alijua. Kisha gonga mfuniko mara mbili, ndipo ufungue.

Papa yako,
Alfonsi